Umeme Ndani ya Mkoba wa Vipimo



Nimeombwa nizungumzie upimaji wa nje ya maabara. Nimechagua kipande chake kimoja ambacho kwenye ripoti hakitajwi na kwenye bajeti hakitengewi kitu: umeme unaoendesha vifaa vyenyewe. Sizungumzii umeme wa gridi. Nazungumzia zile volti 5 zinazopita kwenye kebo ya USB, kutoka kwenye laptopu au pawabenki, kwenda kwenye kihisi, maikrofoni, modemu na diski.

Hoja yangu naitaja mapema ili mnipime kwayo. Kifaa cha kupimia kinachotumia umeme wa USB hakiishii kwenye gamba lake. Kebo yake, tundu kilipochomekwa, betri inayokilisha, na vifaa vingine vinavyochangia betri hiyo, vyote ni sehemu ya kifaa. Ukibadilisha kebo, umebadilisha kifaa, na namba zako zaweza kubadilika bila mtu yeyote kujua.

Jambo hili limekuwa kubwa kwa sababu maabara yenyewe imehama. Mwaka 2019 watafiti wa magonjwa ya mihogo walichapisha kazi waliyoifanya katika mashamba matatu ya wakulima wadogo, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya. Walikuwa wakitafuta virusi vya batobato. Walikwenda na kifaa cha kusafisha DNA, kifaa cha kuisoma kiitwacho MinION, na kingine kidogo cha kuchakata data kiitwacho MinIT. Vyote vilitumia betri. Tangu kufika shambani hadi kupata jibu la awali, zilipita chini ya saa 3. Majani, mashina, mizizi na hata wadudu vilipimwa palepale, mwenye shamba akiwepo. MinION ni kifaa cha kutia mfukoni. Hakina betri wala adapta yake, kinakula umeme kupitia kebo ileile ya USB inayopeleka data.

Tafakarini maana yake. Jibu ambalo mkulima angelisubiri kwa muda mrefu kutoka mjini linapatikana chini ya mti, lakini kwa sharti kwamba kebo moja na betri moja visitetereke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, sampuli yaweza kuharibika na safari kupotea. Na hiyo ndiyo ajali nyepesi, kwa kuwa inaonekana. Usiku huu nataka zaidi tuzungumzie ajali isiyoonekana: umeme uliopungua kidogo, ukaacha taa zote zikiwaka na namba zikiendelea kuingia kwenye faili.

USB ilitangazwa Januari 1996. Ilikuwa kazi ya kampuni kadhaa, na mhandisi anayetajwa zaidi ni Ajay Bhatt wa Intel, mzaliwa wa India. Shabaha yao ilikuwa kibodi, mausi, printa na vifaa vya namna hiyo. Vitu vya mezani, karibu na kompyuta iliyochomekwa ukutani. Umeme uliopangwa kupita mle ulikuwa mdogo makusudi. Katika USB 2.0, ya mwaka 2000, kifaa kinapochomekwa kinaruhusiwa kuvuta miliampea 100 tu hadi kitakapojitambulisha na kukubaliwa. Kikikubaliwa, mwisho wake ni miliampea 500. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilipandisha mwisho huo hadi miliampea 900. Baadaye likaja tundu la Type-C, mwaka 2014, ambalo laweza kutoa hadi ampea 3 kwa volti 5, na juu yake utaratibu wa majadiliano ambamo chaja na kifaa hukubaliana kupandisha volti, hadi 20 na siku hizi hadi 48.

Watu wengi wanabaki na picha ya hayo makubwa ya mwisho na kusahau yale madogo ya mwanzo. Wanaona tundu la Type-C kwenye laptopu mpya, wanaamini kwamba kila kitakachochomekwa humo kitashiba. Lakini vihisi vyetu vingi, maikrofoni zetu na vipokezi vyetu vya GPS bado ni vya USB 2.0. Havijadili chochote. Vinataka volti 5 na vinapokea kinachofika.

Swali basi ni kinachofika ni kiasi gani.

Hapa mezani nina kebo mbili nyeusi, kila moja ina urefu wa mita 2, na kwa mbali hakuna awezaye kuzitofautisha. Wa mbele, washeni tochi ya simu msome maandishi madogo yaliyochapwa ubavuni. Hii ya kwanza imeandikwa 28AWG/1P 28AWG/2C. Ya pili imeandikwa 28AWG/1P 24AWG/2C. Sehemu ya kwanza ya maandishi inaeleza jozi ya nyaya za data. Sehemu ya pili, yenye herufi C, ndiyo yetu: nyaya mbili za umeme, wa kwenda na wa kurudi. Kwa hesabu hii ya Kimarekani, namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Shaba ya namba 28 ina ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa kila mita; ya namba 24 ina takriban 0.084. Na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, kebo ya mita 2 ni mita 4 za shaba. Ya kwanza ina omu 0.85. Ya pili, 0.34.

Sasa nawasha mzigo wa ampea 0.7, kiasi ambacho kompyuta ndogo ya bodi moja na kihisi kimoja au viwili huvuta bila taabu. Kwenye chaja multimita inasoma 5.02. Kwenye ncha ya kebo ya kwanza inasoma 4.37. Kwenye ncha ya kebo ya pili, 4.74. Hakuna kilichoharibika. Chaja ni nzima, kebo ni nzima, mzigo ni uleule. Kilichotofautiana ni unene wa shaba usioonekana kwa macho.

Linganisheni namba hizo na masharti ya vifaa. Kompyuta ya Raspberry Pi, ambayo wengi wenu mnaitumia kukusanyia data, hutoa onyo la umeme mdogo volti ikishuka chini ya takriban 4.63. Kihisi cha vumbi cha SDS011, kinachotumika sana katika vituo vya bei nafuu vya kupima hewa, kimeandikiwa na mtengenezaji wake kuanzia volti 4.7 hadi 5.3. Kwa kebo ya kwanza, vyote viwili viko nje ya mpaka. Lakini SDS011 haitakataa kufanya kazi. Ndani yake kuna feni ndogo inayovuta hewa kuipitisha mbele ya mwanga wa leza, na kihisi hukadiria vumbi kwa mwanga unaotawanyika. Tumekinunua kwa sababu ya namba zake, na namba hizo mtengenezaji amezidhamini ndani ya mipaka ile tu. Feni ikipata volti asiyoitarajia yeye, hatuna tena haki ya kuiita namba hiyo kipimo.

Mfano ulio wazi zaidi ni bodi ya Arduino Uno, ambayo pengine nusu ya ukumbi huu imejifunzia. Bodi hii, isipoagizwa vinginevyo, husoma volti ya kihisi kwa kuilinganisha na umeme uleule inaoupokea kutoka USB, ikigawa katika hatua 1,024. Programu ya mwanafunzi hudhani umeme huo ni volti 5 kamili. Chukueni kihisi cha joto cha LM35, kinachotoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Chumba kikiwa na nyuzi 30, kihisi hutoa milivolti 300. Umeme ukiwa volti 5, bodi inahesabu hatua 61, na programu inaandika karibu nyuzi 30. Umeme ukishuka hadi 4.6, milivolti zilezile 300 zinahesabiwa hatua 66, na programu inaandika nyuzi 32 na ushei. Chumba hakijapata joto. Mtu amechomeka modemu kwenye tundu la jirani, basi.

Nyuzi mbili! Kwenye chumba cha vifaranga, kwenye stoo ya dawa, kwenye utafiti wa joto la jiji, nyuzi mbili ni tofauti kati ya kuchukua hatua na kutochukua. Na kosa lenyewe halitokei kila saa, linakuja modemu inapotuma data na kuondoka inapotulia, kwa hiyo kwenye grafu litaonekana kama tabia ya hewa. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakitafuta maelezo ya kisayansi ya vilima vya namna hiyo kwenye grafu zao. Dawa ipo na haina gharama: chipu ya bodi hiyo ina rejea yake ya ndani ya volti 1.1, isiyoyumbishwa na kebo, na huitwa kwa mstari mmoja wa programu. Vihisi vinavyotoa data moja kwa moja kwa tarakimu, vyenye kirekebisha volti chao ndani, navyo havidanganyiki kwa njia hii mpaka umeme ushuke sana. Lakini lazima mtu ajue kifaa chake ni cha kundi gani kabla hajakiamini.

Nije kwenye habu, kile kigawanyo chenye matundu manne. Mkoba wa vipimo wenye vifaa vitano hauwezi kukikwepa, na ndipo pabaya zaidi. Habu isiyo na adapta yake inapokea miliampea 500 kutoka kwenye kompyuta. Kwa mujibu wa kanuni za USB 2.0, inabakiza hadi 100 kwa matumizi yake na kugawa 100 kwa kila tundu. Mia moja, ndugu zangu. Kihisi cha SDS011 kinavuta kama 70, kinatosha. Kipokezi cha GPS, pengine 50, kinatosha. Modemu ya simu haitoshi hata kidogo, na diski inayozunguka ndiyo kabisa, kwa sababu wakati wa kuanza kuzunguka huvuta mara kadhaa zaidi ya inavyovuta ikiwa imetulia. Habu nzuri hukataa na kutoa ujumbe. Nyingi za sokoni hazikatai: matundu yote yameungwa pamoja bila kizuizi chochote, na inakuwa kama bomba la mtaa asubuhi, wa bondeni wakifungua koki zote wa juu hapati.

Wengine hununua habu yenye adapta yake, na ni uamuzi mzuri, ila ina hatari yake. Baadhi ya habu hizo hurudisha umeme kinyumenyume, kupanda kwenye kompyuta kupitia kebo ya data. Jaribio lake ni jepesi. Washa mkoba mzima, kisha chomoa umeme wa kompyuta peke yake na uache habu ikiwa imewashwa. Taa ya kompyuta ikibaki inawaka, hata kwa uhafifu, habu hiyo inarudisha umeme. Iweke kando, tumia nyingine. Kompyuta iliyolishwa nusunusu kwa njia hiyo haizimi vizuri na haiwaki vizuri, na kadi yake ya kumbukumbu ndiyo huumia.

Kwa watumiaji wa Raspberry Pi nasisitiza kwamba matundu yake ya USB nayo yana ukomo wa pamoja. Kwenye Pi 4 ni ampea 1.2 kwa matundu yote manne. Kwenye Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, ni ampea 1.6 ikiwa umetumia chaja ya ampea 5, lakini ukiipa chaja ya ampea 3 inajibana yenyewe hadi 0.6. Mtu aliyehama kutoka Pi 4 akidhani amepata iliyo bora katika kila jambo, akaendelea na chaja yake ya zamani, amepunguza umeme wa vihisi vyake kwa nusu.

Sasa pawabenki. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndicho chanzo cha umeme cha wengi wetu na ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote.

Imeandikwa 20,000 mAh. Mnunuzi anapiga hesabu: vifaa vyangu vinavuta ampea 1.4, kwa hiyo nina saa 14. Hana. Ile 20,000 imehesabiwa kwa volti ya seli zilizo ndani, takriban 3.7, wakati vifaa vinapokea volti 5. Hesabu ya haki ni ya wati-saa: ampea-saa 20 mara volti 3.7 ni wati-saa 74. Kuipandisha hadi volti 5 kunapoteza kiasi kwa joto. Tukichukua asilimia 85, zinabaki 63 hivi. Vifaa vya ampea 1.4 kwa volti 5 ni wati 7. Gawanyeni: saa 9. Na hiyo ni pawabenki mpya, ya mtengenezaji mkweli.

Wati 7 sikuzitoa hewani. Pi 4 yenye kazi ya wastani hula kama wati 4. Vihisi viwili vya vumbi, 0.7. GPS, robo wati. Maikrofoni ya USB, nusu. Modemu, wastani wa wati moja na nusu ingawa kilele chake ni kikubwa zaidi. Huo ni mkoba wa kawaida wa kupima hewa na kelele kando ya barabara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka vumbi la PM2.5 lisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo katika saa 24. Saa 24, si 9. Ukianza kupima saa kumi na mbili asubuhi, pawabenki yako inakata roho saa tisa alasiri, kabla magari ya jioni hayajaanza kusongamana na kabla jiko la mkaa la mama lishe halijawashwa. Wastani utakaoandika utakuwa wastani wa mchana, na mchana hausemi habari za usiku. Ili kumaliza siku nzima kwa wati 7 mnahitaji wati-saa 168 zinazofika kwenye vifaa, yaani kama 200 ndani ya betri.

Kwa kiasi hicho mimi nashauri waziwazi kuachana na pawabenki na kwenda kwenye betri ya volti 12 ya aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati. Ya ampea-saa 20 ina wati-saa 256. Juu yake weka kishusha volti kizuri cha kutoa volti 5, kimoja kwa kompyuta na kimoja kwa vihisi. Betri ndogo ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ya kwenye UPS, inapatikana kila mji na ni rahisi, lakini haipendi kumalizwa. Hesabu nusu yake tu, wati-saa 42, na utaona haifiki hata kwenye pawabenki tuliyoitaja. Wanaosafiri kwa ndege wakumbuke kwamba mashirika ya ndege huruhusu betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 kwenye mzigo wa mkononi bila kuomba kibali, na pawabenki haziingii kamwe kwenye mzigo wa chini. Wati-saa 100 ni kama mAh 27,000. Betri kubwa inunuliwe kule mnakokwenda.

Pawabenki ina tabia nyingine mbili ambazo kwa simu ni wema na kwa vipimo ni balaa. Ya kwanza: ikiona mkondo ni mdogo, kwa kawaida chini ya miliampea 50 au 100, hudhani simu imejaa na hujizima baada ya sekunde chache. Fikirini kifaa cha kupima unyevu kwenye ghala la mahindi, kilichotengenezwa kwa ustadi ili kilale na kuamka kila baada ya dakika kumi. Kwa ustadi huohuo kinajinyonga: kinalala, pawabenki inajizima, hakiamki tena. Anayelinda mahindi yasipate sumukuvu anarudi baada ya wiki mbili na kukuta faili lenye kipimo cha kwanza tu. Zipo pawabenki zenye hali ya mkondo mdogo kwa ajili ya spika za masikioni; mara nyingi huwashwa kwa kubonyeza kitufe mara mbili, na nyingine huiacha hali hiyo baada ya saa kadhaa, kwa hiyo ijaribuni kwanza. Njia ya kizamani ni kuweka kipinzani cha omu 47, cha wati 1, kati ya nyaya mbili za umeme. Kinavuta miliampea 106 na kuiweka pawabenki macho. Lakini kinakula karibu wati-saa 13 kwa siku bila kuzalisha chochote. Kwa ghala, betri ndogo isiyo na akili ya kujizima ni bora mara mia.

Tabia ya pili hujitokeza pawabenki inapochajiwa na paneli ya jua huku ikilisha vifaa. Nyingi hukata umeme wa kutoka kwa sehemu ya sekunde kila umeme wa kuingia unapoanza au kukoma. Kwa simu hutaona kitu. Kwa kompyuta isiyo na betri yake, kila wingu linalopita ni kuzimwa na kuwashwa upya. Na msiifungie kwenye sanduku la chuma juani: seli nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na sanduku lililofungwa adhuhuri ya Dodoma au Garissa linapita hapo.

Kuhusu kelele za umeme nitasema kwa ufupi zaidi, ingawa kwa wapimaji wa sauti ndiyo kiini. Laptopu iliyochomekwa kwenye chaja ya pini mbili, isiyo na erthi, huwa na umeme kidogo unaovuja kupitia kapasita ndogo ndani ya chaja. Wengi wenu mmeuhisi: unapitisha kidole juu ya gamba la chuma la laptopu na unasikia kama linatetemeka. Umeme huohuo hutafuta njia ya kushuka, na kebo ya maikrofoni iliyounganishwa na kifaa kingine chenye erthi ni njia. Matokeo yake ni mngurumo wa Hz 50 na vizidishi vyake. Chomoa chaja, pima kwa betri, na mngurumo unakwisha. Pale ambapo haiwezekani, kipo kitenganishi cha USB, kinachopitisha data bila kuunganisha nyaya za umeme za pande mbili; chipu ya ADuM3160 ya Analog Devices ndiyo iliyo ndani ya vingi vya bei ya kati, na inatosha kwa kasi ya megabiti 12 kwa sekunde.

Ipo na sauti nyingine, nyembamba kuliko mngurumo. USB 2.0 ya kasi ya chini hupanga mazungumzo yake katika vipindi vya milisekunde moja, na ile ya kasi ya juu katika vipindi vya mikrosekunde 125. Vifaa huvuta umeme kwa mapigo yaleyale, volti inatikisika nayo, na maikrofoni yenye kichujio hafifu hutoa mlio wa Hz 1,000 au 8,000. Kwa bahati mbaya Hz 1,000 ndiyo sauti ya vile vidude vya desibeli 94 tunavyotumia kusawazishia maikrofoni. Wakati wa kusawazisha hutauona, umemezwa. Usiku wa manane, unapopima utulivu wa wodi au wa mtaa, utakaa peke yake katikati ya grafu yako. Modemu za 2G, ambazo vijijini bado zinatumika, zina mpigo wao wa mara 217 kwa sekunde. Ni ule mkoromo unaosikika redioni simu inapokaribia kuita. Kwa hiyo igaweni mikoba yenu pande mbili. Vyenye fujo, yaani modemu, diski na kompyuta, viwe na chanzo chao. Vyenye masikio, yaani maikrofoni na vihisi vya volti ndogo, viwe na chanzo chao, kwa kebo fupi na nene.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya fundi, na mtafiti ana ya kwake. Sikubaliani naye. Anayetia sahihi kwenye jedwali la vipimo ndiye mwenye dhamana ya kila kilicholizalisha. Na uchunguzi wenyewe si mgumu. Kwenye Raspberry Pi kuna amri ya vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0 umeme haujapungua tangu kompyuta iwashwe, ikijibu 0x50000 ulipungua na kompyuta ikapunguza kasi, hata kama sasa uko sawa. Iendesheni amri hiyo kila dakika na jibu lake liingie kwenye faili lilelile la vipimo. Chipu ya INA219 hupima volti na mkondo kwa pamoja, na bodi yake ni rahisi kuliko kebo nzuri. Iwekeni karibu na kihisi, kwenye ncha ya mbali ya kebo, na mkumbuke kwamba kipinzani chake cha omu 0.1 nacho kinachukua volti 0.1 kwa kila ampea inayopita.

Nawaomba wasimamizi wa tafiti mlio hapa: mwanafunzi akiwaletea jedwali la vipimo vya uwandani, mwulizeni ilipo safu ya volti, na kama haipo mrudisheni akaiongeze kabla hamjaanza kusoma zilizobaki. Nanyi wanafunzi, kabla ya safari yenu ijayo washeni vifaa vyote kwa pamoja, modemu ikiwa inatuma na diski ikiwa inaandika, mpime volti kwenye ncha ya kila kihisi, na mwandike namba hizo, pamoja na urefu na unene wa kila kebo, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la vipimo.